SSL/TLS na STARTTLS: majina yanayompoteza fundi

Ukifungua mipangilio ya akaunti kwenye programu ya barua pepe kama Thunderbird, unakuta machaguo mawili ya usalama: SSL/TLS na STARTTLS. Wengi huyachukulia kama matoleo mawili ya usimbaji (kuficha ujumbe ili asiyehusika asiusome), la zamani na jipya. Sivyo. Yote yanatumia TLS ileile, itifaki ya usimbaji iliyorithi SSL. Tofauti ni wakati wa kuanza. SSL/TLS husimba tangu muunganisho unapofunguka, kwa poti (namba ya mlango wa seva) 465 ya kutuma, 993 ya IMAP na 995 ya POP3, njia mbili za kupokea barua. STARTTLS huanza kwa maandishi wazi kwenye 587, 143 au 110, kisha programu huomba usimbaji.

Wapo wanaotaka majina haya yabadilishwe. Wanaotaka yabaki wana hoja: miongozo imeandikwa hivyo na wahudumu wa wateja wameyazoea. Hata vyeti vya kuthibitisha seva bado huuzwa kwa jina la SSL, ingawa SSL 3.0 ilipigwa marufuku mwaka 2015.

Wanaodai mabadiliko huonekana wabishi wa istilahi tu. Wanaonewa. Weka STARTTLS kwenye 465: programu inangoja seva isalimie kwa 220, namba inayoanza salamu yake, seva nayo inangoja programu ianze TLS. Wanangojana mpaka muda unakwisha. Sasa weka SSL/TLS kwenye 587: programu inaanza TLS papo hapo, seva inajibu kwa maandishi, na OpenSSL, maktaba ya usimbaji, inalalamika kwamba namba ya toleo si sahihi. Toleo halina kosa lolote! Ni ile 220 ya salamu imesomwa mahali pa namba ya toleo. Lakini fundi ameshaamini kwamba majina yale ni matoleo, basi anaruhusu TLS 1.0, iliyostaafishwa mwaka 2021, au anazima ukaguzi wa cheti. Usalama unabaki dhaifu, na barua bado haziendi.

Kuna hatari nyingine. Thunderbird ya zamani ilikuwa na chaguo la "TLS ikipatikana". Mvamizi aliye katikati akifuta neno STARTTLS kwenye orodha ya uwezo inayotumwa na seva, programu inaendelea bila usimbaji, na nywila inaweza kupita wazi. RFC 8314, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2018, inapendekeza kusimba tangu mwanzo.

Menyu ingeweza kusema "Simba tangu mwanzo (465)" na "Anza wazi, kisha simba (587)", na majina ya zamani yakaandikwa chini kwa herufi ndogo, ili anayefuata mwongozo wa zamani asipotee.