Bega linauma miezi: klipu ya WhatsApp inatosha au mpaka hospitali ya Bombo?

Hapa Tanga ukisema tu bega linauma mwezi wa tatu huu, hujamaliza kuongea ushatumiwa klipu ya mazoezi, na mwingine anakwambia achana na mambo ya kwenye simu nenda Bombo wakuangalie. Wote wana hoja ila mi siwapi sawa.

Watu wa simu wana nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Kano za bega (zile nyuzi zinazoshikisha misuli kwenye mfupa) zikichoka, na hawa jamaa wa Deep Sea wanaovuta nyavu au fundi rangi anayeshinda mikono juu wanazijua vizuri, dawa yake kubwa ni kuzirudisha kazini kidogo kidogo mpaka zizoee, sio kukandwa wala kulaza mkono kabisa. Uingereza walipima watu 708, matokeo yakatoka 2021 kwenye jarida la Lancet: kundi moja lilionana na fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) mpaka mara 6, lingine mara 1 tu likaenda kujifanyia nyumbani, mwaka ulipoisha hawakupishana cha maana. Sindano ya bega nayo ilisaidia wiki za mwanzo halafu basi. Sasa mtu wa Pangani alipe nauli kila wiki ya nini, wakati kipande cha tyubu ya baiskeli (na baiskeli Tanga hatujawahi kukosa) unakifunga kwenye nondo ya dirisha, kiwiko unakibana ubavuni, unavuta mkono kwenda nje taratibu, unarudisha taratibu zaidi?

Ila wanachosahau, ile mara 1 ilikuwa ana kwa ana, bega lilishikwa. Klipu haikushiki. Kuna bega lililoganda, wenye sukari wanalipata sana, hilo hata mtu mwingine akikunyanyulia mkono haupandi, ukilikazania na mpira utalia bure. Kuna aliyeanguka na bodaboda mkono ukagoma kunyanyuka, hapo kano inaweza kuwa imekatika. Na bega la kushoto likiuma huku kifua kinabana na jasho linatoka jamani huo unaweza kuwa moyo, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.

Kwahiyo mi nipo na wa simu, baada ya mtaalamu kulishika mara moja. Halafu wengi wanaacha wiki ya pili eti linauma, wakati kuuma kidogo ukiwa kwenye zoezi sio shida, likiamka asubuhi linauma kuliko jana ndo unalegeza mpira, huachi, maana kano zinataka kama wiki 12 hivi.