Papa wa Dakika Mbili na Nusu

Ami zangu hawaendi sinema. Wamekulia baharini, wamekwenda dago hadi Kilwa, wametega majarife usiku wa giza totoro, na kwao mtu mzima anayetoa pesa kutizama mambo ya kubuni ana walakini kichwani. Lakini Idi ile kijana mwenye kibanda cha video, pale njia ya kuteremkia bandarini Wete, Pemba, alipita barazani na simu yake akawaonesha trela.

Trela yenyewe, wallahi, ilikuwa kali. Papa anatoka chini ya maji, mdomo wazi, mkubwa kupita mashua ya marehemu babu. Boti inapinduka. Mwanamke anapiga ukelele. Kiza. Ngoma zinadunda, pezi linakata maji, papa tena!

Ami mkubwa aliishika simu kwa mikono miwili.

"Huyu papa wa wapi?"

"Wa Marekani, ami."

"Wanamtegea chambo gani?"

Kiingilio mia tano. Mimi nilibebwa kwa sababu nasomesha Kiingereza skuli, na filamu ilikuwa haijatafsiriwa. Kwa maneno mengine, niliitwa kufanya kazi siku ya Idi, tena na kiingilio nijilipie.

Ami wakawekwa viti vya mbele kwa heshima ya umri wao. Nyuma yetu kibanda kilijaa wavuvi watupu. Habari ya papa ilikwishafika bandarini kabla hatujafika sisi. Taa zikazimwa. Filamu ikaanza na bwana mmoja anakunywa kahawa.

Akanywa. Akaweka kikombe. Mkewe akatizama dirishani.

"Kasema nini?" akauliza ami mkubwa.

"Kasema kahawa imepoa."

"Na papa?"

"Bado, ami."

Tukangoja. Wale wawili wakahama kutoka jikoni kwenda ukumbini, na kutoka ukumbini wakarudi jikoni. Bahari tuliiona mara moja tu, kwa mbali, kupitia dirishani. Ami mdogo akainama mbele, akaipima kwa jicho, akatangaza kwamba maji yale ni maji mafu, papa haji hapo, bora twende zetu turudi bamvua.

Watu walikuwa wameanza kusinzia pale yule bwana alipomwambia mkewe kwamba wao wawili basi tena, wameshafika mwisho. Nikatafsiri. Kibanda kizima kikaamka.

"Kamwacha?"

"Anataka kumwacha."

"Kutaka siko kuacha," ami mkubwa akanikatiza. "Katamka au hajatamka?"

Nikasikiliza vizuri. "Katamka, ami."

"Basi hiyo moja." Akakunja kidole kimoja na kukiweka juu ya goti, ushahidi.

Tokea hapo sikupumua. Mmoja anauliza mke ana watoto wangapi, mwengine anauliza nyumba ya nani, na wa nyuma kabisa anauliza wazee wa mwanamke wako wapi, mbona mambo haya yanazungumzwa bila ya mtu mzima. Papa alisahauliwa kabisa. Kisha wakapatana. Namna walivyopatana siielezi hapa. Kijana wa kibanda aliruka akaifunika televisheni kwa kanga, tukabaki na sauti peke yake, nayo ikawa mbaya zaidi. Ami mdogo akashikwa na kikohozi, akakohoa mpaka shughuli ikamalizika.

"Kamrejea," akasema ami mkubwa, macho yako chini kwenye jamvi. "Eda haijesha. Haki yake."

Papa alikuja kwa kuchelewa sana. Ule ukelele, ile boti, lile pezi, vyote vilipita kabla sijafunua mdomo kutafsiri, halafu yule mwanamke akainuka kitandani, jasho linamtoka.

"Kimetokea nini?"

"Alikuwa anaota, ami."

Kimya. Kisha ami mkubwa akasimama mbele ya televisheni, kanzu ya Idi ikaziba kioo chote.

"Mia tano yangu nimeitoa kuja kutizama ndoto ya mke wa mtu?"

Hapo ndipo filamu ilipokomea. Taa zikawashwa, viti vikaanguka, na kijana wa kibanda akaburutwa hadi barazani kujibu mashitaka, mimi nikiwa shahidi, mkalimani na, kwa jinsi baadhi yao walivyokuwa wakinitizama, mshitakiwa wa pili.

Kijana akalia kwamba trela hakuikata yeye. Hilo kweli. Huko Marekani trela hukatwa mara nyingi na kampuni maalumu, si na mwongozaji, na kazi huanza filamu yenyewe bado inahaririwa. Ndiyo maana baadhi ya vipande vya kwenye trela ukija kuvitafuta ndani ya filamu huvioni. Desturi yao ni trela isizidi dakika mbili na nusu, na papa wetu mzima, kichwa mpaka mkia, alienea humo. Wenye kuuza wanajua papa anajaza viti na talaka haijazi. Pemba wangepiga hesabu nyengine, lakini hakuna aliyewauliza.

Nikawaeleza kwamba hatukuanza sisi. Mwaka 2003 walitoa *Kangaroo Jack*, watoto wakaoneshwa kwenye matangazo kangaruu anayezungumza, kumbe ndani ya filamu anazungumza kwenye ndoto tu.

"Ndoto tena!" akasema mtu. Niliona siwasaidii.

Nikawapa basi kesi ya *Yesterday*, filamu ya 2019. Kwenye trela alikuwemo mwigizaji Ana de Armas. Kwenye filamu sehemu yake yote imekatwa. Mashabiki wake wawili, waliolipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi, wakaishitaki kampuni, na Desemba 2022 jaji akasema trela ni tangazo la biashara, kwa hivyo sheria ya matangazo ya uongo inaweza kuikamata.

"Dola hizo ngapi kwetu?" akauliza ami mkubwa.

"Kama elfu kumi."

Akamgeukia kijana kwa furaha. "Umesikia? Jaji kasema!"

"Na mwisho wake?" akauliza ami mdogo.

"Kesi ilizunguka sana. Mwaka 2024 wakapatana."

"Wakapatana?" Kikohozi kikamrudia.

Pesa za kurudisha hazikuwepo. Kijana alikwishanunulia soda za Idi. Akaomba amani kwa kile alichonacho: aioneshe trela, bure, kwa kadiri watakavyo. Wazee wakanong'ona, wakakubali, wakarudi ndani. Na hapo, ndugu zangu, ndipo sinema ya kweli ilipoanza.

"Simamisha! Tizama kamba ile, kaifunga nani? Mtoto?"

"Rudisha nyuma. Pezi limesimama mno, papa huyu mgonjwa."

"Hapo, hapo! Mimi ningekuwa nahodha ningegeuza omo nimkabili. Huyu kampa ubavu, asipinduliwe kwa nini?"

Walikaa mpaka usiku mwingi. Jarife likategwa upya, boti ikaokolewa, nyama ikagawiwa, hata bei ya ng'onda ya papa yule ikakadiriwa. Walitoka wameridhika, wanapeana mikono, na kijana akaanza kuuliza kama kuna mtu angelipa mia tatu kwa trela tupu kila Ijumaa. Wengi wangelipa.

Usiku wa pili, baada ya sala ya Isha, nikagongewa mlango. Ami mkubwa, peke yake, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi. Akatizama njia huku na huku.

"Mwanangu, ile flashi kijana bado anayo?"

"Anayo, ami. Unataka trela?"

"Trela ya nini?" Akashusha sauti. "Yule bwana baada ya pale alitamka tena, au katulia? Maana hesabu yangu imebaki kwenye moja."