Dakika ishirini zisizo na maswali

Watoto wangu wanasoma shule ya msingi hapa Leicester, Uingereza. Wapwa zangu wanasoma Morogoro. Kila ninaporudi nyumbani likizo nakaa nao jioni wakifanya kazi za shule, na nikiwa huku nakaa hivyohivyo na wangu. Ndugu na marafiki wa pande zote mbili huniuliza elimu ipi ni bora, na mimi sina jibu la swali kubwa kiasi hicho. Ninalo jibu la jambo moja tu, nalo ni la kusoma: mtoto wa Tanzania ana lugha inayomwezesha kusoma mapema, lakini akishajua kusoma tunamwacha bila cha kusoma. Huku mtoto huchelewa kujua, ila kitabu cha hadithi kinakuwa mkobani mwake tangu wiki ya kwanza.

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Irabu ni tano na hazibadiliki. Mtoto akishika silabi zake, ba be bi bo bu mpaka mwa mwe mwi, hakuna neno litakalomshinda kulitamka hata kama hajawahi kuliona. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mtoto wa miaka mitano anafundishwa sauti ya herufi leo, kesho anaambiwa herufi zilezile zina sauti nyingine kabisa kwenye neno jingine. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 shule za serikali za England zinampima kila mtoto wa miaka mitano na sita kwa orodha ya maneno 40, na nusu ya maneno hayo ni ya kubuni, hayana maana yoyote, ili ionekane kama mtoto anasoma kweli au amekariri. Niliwaona wanangu wakihangaika na maneno hayo nikawaza: mpwa wangu wa darasa la pili asingehitaji mtihani wa namna hii.

Basi kwa nini tathmini za Uwezo, mpango unaopima watoto kusoma na kuhesabu, zilipoanza kupita nyumba kwa nyumba nchini kwetu mwaka 2010, zilikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili? Watoto wana akili ileile, na lugha ni rahisi kuliko hii ya huku. Najua msongamano wa madarasa, najua uhaba wa walimu, najua njaa ya saa sita mchana. Hayo yote ni kweli na yanaumiza. Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuisemi vya kutosha: kusoma hukomazwa na kusoma kwingi, na mtoto wetu hana kitu kingi cha kusoma. Ana kitabu cha kiada, mara nyingi anakichangia na wenzake wawili watatu kwenye dawati moja, na jioni kitabu kinabaki shuleni.

Ngoja nieleze siku ya shule ya huku inavyokwenda, kwa sababu wengi nyumbani wanadhani siri ni kompyuta. Mtoto anarudi na mkoba wenye kitabu chembamba cha hadithi na daftari dogo la usomaji. Mzazi anamsikiliza akisoma, dakika kumi au kumi na tano, anaandika mstari mmoja kwenye daftari na kusaini. Mwalimu analiona asubuhi. Kitabu kikiisha, kinabadilishwa. Darasani kuna kona yenye rafu na zulia, na wakirudi kutoka chakula cha mchana wanakaa kimya kila mmoja na kitabu alichokichagua mwenyewe. Mwalimu naye anasoma cha kwake. Hakuna swali linaloulizwa baadaye. Kabla ya kengele ya mwisho mwalimu anawasomea kipande cha hadithi ndefu, anakatisha penye utamu, watoto wanaguna, wanaondoka wakikisia kesho itakuwaje.

Hicho kipindi cha kimya ndicho ningekibeba nikipewa nafasi ya kubeba kitu kimoja tu kutoka huku. Hakihitaji umeme.

Nje ya shule kuna maktaba za umma. Sheria ya mwaka 1964 inazitaka halmashauri za England na Wales ziwe na huduma ya maktaba, na mtoto anapata kadi bure. Likizo ya kiangazi, tangu mwaka 1999, maktaba zinaendesha shindano la kusoma: mtoto anajiwekea lengo, kwa kawaida vitabu sita, na kila akirudisha anamweleza mkutubi kilichomfurahisha. Mwanangu wa pili, mtoto wa aibu sana, aliongea kwa mara ya kwanza na mtu mzima asiyemfahamu kwa sababu ya kitabu cha pweza. Mkutubi alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Siwezi kusahau wema ule.

Pamoja na hayo yote, huku si peponi, na nisingependa mtu aiige Uingereza nzimanzima. Kuna jambo linaloniudhi kweli: vitabu vya shule vimepangwa kwa rangi kulingana na ugumu, na mtoto wa rangi ya chini anaweza kuzuiwa kuchukua kitabu anachokitamani eti si rangi yake. Watoto wanajua vizuri rangi hizo maana yake nini. Wanazitaja uwanjani kama vyeo. Maktaba nyingi zimefungwa katika miaka ya kubana matumizi. Na shirika la National Literacy Trust, linalowauliza watoto kila mwaka, lilitangaza mwaka 2025 kwamba ni kama mtoto mmoja tu kati ya watatu wa miaka 8 hadi 18 anayesema anafurahia kusoma muda wake wa mapumziko, kiwango cha chini kabisa katika miaka ishirini. Simu zinalaumiwa, na ni haki zilaumiwe. Mimi naongeza kwamba mtoto akipimwa kila anapofungua kitabu, hakuna simu inayohitajika kumfukuza.

Hapo ndipo shule zetu zinaponitia wasiwasi zaidi. Likizo moja nilimpelekea mpwa wangu wa darasa la nne kitabu cha hadithi cha Kiswahili chenye picha. Alikisoma chote kwa mkao mmoja, vizuri, kwa sauti. Akageuza ukurasa wa mwisho, akaangalia nyuma ya jalada, akaniuliza: «Mjomba, maswali yako wapi?» Nikamwambia hayapo. Akashangaa: «Sasa nitajuaje kama nimepata?»

Mtoto huyu hana kosa. Katika maisha yake yote kila kifungu cha habari kimekuja na maswali ya ufahamu chini yake, na upimaji wa darasa la nne ulikuwa unamsubiri mbele. Ametolewa kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ya madarasa mawili ya kwanza, akaingizwa moja kwa moja kwenye mbio za mitihani na tuisheni. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba anaweza kusoma kwa sababu tu anataka kujua sungura alifikaje kule kisimani.

Wazazi wenye uwezo wameona tatizo na wakachagua dawa ambayo mimi naona inaongeza ugonjwa: wanawahamishia watoto shule za mchepuo wa Kiingereza. Humo vitabu vya hadithi vipo, ni kweli, maana vinaagizwa kutoka nje. Lakini ziko shule zinazomvisha mtoto kibao shingoni akisikika anaongea Kiswahili. Mtoto wa miaka saba anafundishwa kuionea haya lugha anayoililia akiumia. Watoto wangu wanaosoma Kiingereza kila siku wanafika mbali nacho kwa sababu ndiyo lugha ya majirani, ya uwanja wa mpira, ya duka. Mpwa wangu hana mazingira hayo, kwa hiyo hadithi ya Kiingereza kwake ni zoezi jingine la kutafsiri. Penzi la kusoma linaanzia kwenye lugha ambayo mtoto anacheka nayo. Ya pili itafuata, tena itafuata vizuri.

Na tuna utajiri ambao nimeuelewa thamani yake nikiwa huku. Mpwa wangu huyohuyo anasimama mbele ya wageni siku ya mahafali na wenzake wanane wanatoa ngonjera ndefu bila karatasi, kwa mapozi, kwa sauti ya kupanda na kushuka. Wanajua vitendawili kwa makumi. Bibi yao akisema «Paukwa!» nyumba nzima inaitika «Pakawa!» na hadithi inaanza. Shule ya wanangu inajitahidi: mtoto huleta kitu kutoka nyumbani akakielezea mbele ya darasa, na hilo ni zuri. Lakini sijawaona wakishika shairi la beti nane kichwani na kulitoa kwa ujasiri ule. Kumbukumbu, mizani, kuyapima maneno mbele ya hadhira, hivyo ni nusu nzima ya elimu ya lugha, na Uswahilini tunavyo bila kulipia. Tunachokosa ni daraja la kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi.

Daraja hilo mwalimu anaweza kulijenga kwa madaftari. Darasa la watoto 90 lina bibi na babu zaidi ya 90. Kila mtoto akapewe kazi ya kwenda kusikiliza hadithi moja nyumbani na kuiandika kama alivyoisikia, kwa maneno ya bibi, na kuchora picha mbili. Mwalimu asahihishe herufi kubwa na nukta, asiguse lahaja. Karatasi zikishonwa kwa uzi na kuwekewa jalada la boksi, darasa lina maktaba yake ndani ya mwezi, na hakuna kitabu ambacho watoto wataking'ang'ania kama kile kilichoandikwa na Asha wa dawati la mbele. Wakishakisoma wabadilishane na darasa jirani. Wengine waandike mwisho tofauti wa hadithi ileile. Wengine waigeuze kuwa igizo la dakika tano mstarini siku ya Ijumaa. Waanzishe gazeti la ukutani lenye habari za kijiji: mvua imeharibu kivuko gani, timu ya nani imeshinda, kitendawili cha wiki na jina la aliyekitegua.

Kwa vitabu vya kuchapwa hatuko mikono mitupu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991 kwa sababu hiihii ya ukame wa hadithi za watoto, na umekuwa ukinunua sehemu ya nakala kwa wachapishaji wa nyumbani na kuzipeleka shuleni. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022, ina kundi la hadithi za watoto. Mtandao wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili zinazoruhusiwa kuchapwa bure, fupi kabisa, kurasa kumi na kitu. Mwenye simu moja na rafiki mwenye printa anaweza kuanza. Na tusijione wageni kwenye jambo hili: Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa inajifunza kusoma chini ya miembe, wazee kwa vijana, wakiletewa magazeti ya vijijini ili waliojua kusoma wasisahau. Waliotangulia walielewa kwamba aliyejua kusoma anahitaji cha kusoma kesho yake.

Kipindi chenyewe cha kimya kinawezekana hata kwenye darasa lililojaa. Wawili wawili kwenye kitabu kimoja, mmoja anafunua ukurasa mwenzake akimaliza. Dakika ishirini baada ya mapumziko, kila siku, si Ijumaa pekee. Mwalimu akae asome pia, maana watoto wanaiga wanachokiona. Asiulize maswali, asitoe alama. Akitaka kujua kama wamesoma, awaache wasimuliane, atasikia mwenyewe. Na mtoto anayeona kitabu kimemchosha aruhusiwe kukirudisha na kuchukua kingine bila kugombezwa.

Sasa niseme na wenzangu tulioko nje, kwa sababu tuna tabia moja inayonisikitisha. Tunakusanya vitabu vya Kiingereza vilivyotupwa na shule za huku, tunavijaza kwenye makontena, tunapiga picha, tunavituma kijijini. Nimeviona vikifika: hadithi za theluji na za treni za chini ya ardhi, kwa mtoto wa darasa la pili ambaye ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Vinafungiwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu visichafuke. Gharama ya kusafirisha boksi moja la namna hiyo ingenunua hadithi za Kiswahili kwa wachapishaji wetu wenyewe, na fedha ingebaki nyumbani ikamlipa mwandishi na mchoraji.

Mimi na ndugu zangu wachache tumeamua hivyo kwa shule ya wapwa zangu. Tumezungumza na mwalimu wa Kiswahili kwanza, kisha na kamati ya shule, tukaomba jambo moja kabla ya kutuma chochote: vitabu visifungiwe, watoto waende navyo nyumbani, na kitakachochanika au kupotea asiadhibiwe mtoto. Mwalimu mkuu alisita kwenye hilo la kupotea, na namwelewa, maana vifaa vya shule ni dhamana yake. Tukakubaliana kwamba vitabu hivi viandikishwe kando na mali ya shule na sisi ndio tutajaza pengo kila muhula. Orodha ya kwanza ameiandika mwalimu wa Kiswahili mwenyewe, baada ya kuwauliza watoto wanapenda hadithi za nini. Wengi walisema fisi.