Mwachie Mungu: nani huambiwa, na aachie nini?

"Mungu si Athumani." Hapa Malindi neno hilo halina dini. Utalisikia kwa Mwislamu wa Shela na kwa Mgiriama aliyebatizwa jana. Mimi nililisikia nje ya kanisa, akiambiwa mjane mmoja wa Muyeye ambaye shemeji yake alihamisha bikoni ya mpaka usiku, akajiongezea hatua kumi na mbili za kiwanja na minazi mitatu. Wana wa mama huyo walinoa panga waende kuiangusha minazi yote. Wazee wa kanisa wakawahi: "Mama, mwachie Mungu. Kisasi ni chake."

Andiko walikuwa nalo, Warumi 12:19: "Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu." Kwa wale vijana, nakubaliana na wazee moja kwa moja. Kilifi tumeona kisasi kikiachiwa mkono wa mtu kinafika wapi. Mtoto amefariki, hospitali haikueleweka ilisema nini, basi anatafutwa mwenye mkono. Jicho linamwangukia babu mwenye mvi, naye anakatwa mapanga kwa kuitwa mchawi. Ukichimba, mara nyingi chini ya huo uchawi unakuta shamba. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee wanaoogopa watu wa nyumba zao wenyewe. Mlipiza kisasi huwa mlalamishi, shahidi, hakimu na mnyongaji ndani ya shati moja, na pengine kosa lenyewe halikutendeka. Kwangu hiyo ndiyo hoja nzito ya kumpisha Mungu, nzito kuliko zile za upole: Yeye hakosei mtu.

Neno lenyewe, kwa njia, limechakaa. Kisasi tulikipokea kutoka Kiarabu, na huko kilikuwa adhabu ya kisheria yenye kipimo. Kurani inakiwekea mpaka, kisha inamsifu anayesamehe. Jicho kwa jicho la Torati nalo lilikuwa kipimo: jicho moja, usizidishe. Katika Kiswahili chetu kipimo kimedondoka njiani, ikabaki hasira. Matokeo yake, mtu anayedai chake kwa utaratibu na mtu anayenoa panga tunawaweka kapu moja, tunawahubiria aya moja.

Hapo ndipo ninapoachana na wale wazee. Barua hiyo ya Paulo kwa Warumi haikuandikwa kwa sura na aya. Hatua chache tu baada ya "msijilipize kisasi" anasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu na hauchukui upanga bure. Kwa hiyo ghadhabu tunayoipisha inaweza kupitia ofisi ya ardhi au mahakamani. Paulo mwenyewe, alipopigwa bakora hadharani kule Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kimyakimya. Alitaka wakuu waje wamtoe wenyewe. Mbele ya liwali Festo alikata rufani kwa Kaisari. Na Bwana wake, alipozabwa kofi na askari wa kuhani mkuu, aliuliza: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" Kofi hakulirudisha, lakini swali aliliacha pale hewani.

Sisi wa Malindi tuna sababu ya ziada ya kuogopa imani inayofunga watu midomo. Tangu Aprili 2023 msitu wa Shakahola umefukuliwa miili zaidi ya 400, watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni kumfuata Yesu. Familia zilisubiri majibu ya vinasaba, na miili ya kwanza ikakabidhiwa Machi 2024. Ukamwambie nani pale nje ya mochari kwamba yalikuwa mapenzi ya Mungu? Wanaofuatilia kesi ya vifo hivyo hawalipizi kisasi. Wanataka ijulikane nani alifanya nini.

Hata hivyo wazee wana andiko jingine ambalo silipiti kirahisi. Kwa Wakorintho, Paulo anawaaibisha ndugu wanaoshtakiana, anauliza kama si afadhali kudhulumiwa. Na maisha yanamuunga mkono. Kesi ya ardhi huku inaweza kumzeesha mtu. Nauli ya kila tarehe, wakili, "hakimu hayupo, rudini mwezi ujao". Ukishinda, bado mtakutana na shemeji matangani. Tena wako wanaoshtaki si ili warudishiwe chao bali ili mwenzao auze ng'ombe. Hicho ni kisasi kilichovaa tai.

Ila soma aya zilizotangulia. Kabla ya kusema afadhali kudhulumiwa, Paulo anauliza kama hakuna kati yao hata mmoja mwenye hekima awezaye kukata maneno kati ya ndugu. Aibu ya kwanza ni ya kanisa lililokosa mpatanishi. Wazee wale walikuwa na shemeji huyo huyo kwenye benchi la tatu kila Jumapili, na hakuna aliyemwita. Aliyedhulumiwa ndiye aliyekalishwa kikao. Ninaona hili mara nyingi mno: "mwachie Mungu" huteremka kwa mjane, kwa kijakazi, kwa binti aliyeharibiwa na jamaa. Kwa mwenye nguvu sijasikia ikisemwa "rudisha".

Mama wa Muyeye aliwanyang'anya wanawe panga, akalitia uvunguni. Halafu akaenda kwa chifu na karatasi za marehemu, na mpimaji ameshaombwa. Jumapili, watu walipoambiwa wapeane amani, alivuka hadi benchi la tatu. Nilimuuliza baadaye ilikuwaje. "Mkono nimempa," akasema, "kiwanja sijampa." Wanawe walibaki nje, chini ya mwembe, hadi ibada ikaisha.