Kwa Kuwa Nipo Tu

Hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mtu akikukuta umekaa barazani na gitaa saa tatu asubuhi, hakuulizi unafanya nini. Anakuuliza kama una nafasi, na kabla hujafungua mdomo anajijibu mwenyewe: si upo tu! Aliyeshika jembe anafanya kazi. Anayefoka kwenye simu kuhusu kontena lililokwama anafanya kazi. Hata yule anayekoroma juu ya magunia kule mpakani akisubiri mwenye mzigo, ukimwamsha watu watakusema: mwache bwana, yuko kazini. Ila gitaa likishakaa pajani, wewe ni mtu wa kutumwa.

Si kwamba sina kazi. Mimi na shemeji tuna kiduka cha fotokopi karibu na geti, upande huu wa Uganda. Madereva na mawakala wa forodha wanaleta makaratasi, tunatoa nakala, tunazibana pini, siku inakwenda. Zamani ilikwenda vizuri zaidi. Mwaka 2018 marais wawili walikuja kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani, sasa anayeingia Uganda anamaliza shughuli zote upande wa Uganda, na anayekwenda Kenya anazimalizia Kenya. Ni maendeleo makubwa, nayapigia makofi. Lakini karatasi iliyokuwa ikikaguliwa mara mbili ikikaguliwa mara moja, mwenye mashine ya nakala anakula nini? Hilo halikuwamo kwenye hotuba.

Basi tunapokezana zamu, na siku isiyo zamu yangu ndiyo siku yangu ya muziki. Nina wimbo mmoja kichwani kuhusu foleni ya matrela, wa dakika tatu. Dakika tatu tu nawaomba watu wa mji huu, na mji mzima umekataa kunipa.

Leo nimeamka na ubeti wa pili uko tayari mdomoni. Nimekaa, nimeweka vidole kwenye kodi ya G ya gitaa, nimevuta pumzi. "Baba Watoto," sauti ikatoka jikoni, "kwa kuwa upo tu, yapeleke mahindi kinuni, unga wa posho umekwisha." Ubeti wa pili ukarudi ulikotoka. Gitaa chini, debe begani.

Nikasema sawa, msanii wa kweli hapotezi safari. Kinu chetu ni cha dizeli, na kile kijiinjini kikishapata moto kinapiga mapigo ambayo prodyuza wa Kampala angekutoza hela nyingi kukutengenezea. Duku-duku-duku-duku, hayapungui, hayazidi. Nikatoa simu, nikaisogeza karibu na mkanda, nikaanza kurekodi biti ya bure. Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakanyamaza ghafla. Mmoja akamnong'oneza mwenziwe, naye akamnong'oneza mwenye kinu, na mwenye kinu akazima injini. "Wewe ni mtu wa mapato?" Nikamwambia mimi ni mwanamuziki. Akanitazama kuanzia kandambili hadi unga uliokuwa kwenye nywele, akasema watu wa mapato siku hizi nao wanajua kujificha. Ilibidi mama mmoja wa mtaani kwetu anitetee: "Huyo mwacheni, huyo hana kazi, anapigapiga gitaa." Nikaokolewa, nikadhalilishwa, vyote kwa sentensi moja. Injini ikawashwa tena, lakini jamaa akawa anamimina mahindi kwa hasira, mkanda unateleza, mapigo yanalegea. Biti yangu inaanza kama sebene na kuishia kwenye mwendo wa mazishi.

Narudi nyumbani, nashika gitaa, naukaza waya wa kwanza kidogo tu, ukakatika. Huo mwembamba kabisa. Ndio hukatika siku zote, hasa kwenye gitaa la bei rahisi ambalo pale juu kwenye funguo lina ukingo wa kuchinja. Tatizo ni kwamba dukani hawakuuzii waya mmoja. Unanunua seti nzima ya sita. Kwenye lile duka la ng'ambo, upande wa Kenya, seti ni shilingi 500 za kule, sauti ya muuzaji ni ya upole kabisa, kumbe ukizigeuza za kwetu unakaribia 14,000. Ndiyo maana nyumbani kwangu kuna akiba ya waya za sita, zile nene, ambazo hazijawahi kukatika tangu niujue muziki. Moja tunaanikia nguo za mtoto. Moja inashikilia mlango wa banda la kuku. Mke wangu anasema hiyo ndiyo faida pekee ya muziki aliyoiona kwa macho.

Kwa hiyo nikaenda kwa mzee fundi baiskeli. Wageni wanashangaa, lakini magitaa mengi ya kienyeji Afrika yamevaa waya wa breki ya baiskeli, na Busia waya wa breki hauwezi kukosekana. Mji huu umebebwa na baiskeli. Kabla ya pikipiki kujaa, baiskeli ndizo zilizokuwa zikivusha watu na mizigo mpakani, na mafundi wa enzi hizo bado wapo chini ya miembe yao, mikono imeshakuwa myeusi kwa grisi isiyotoka hata Idi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba msanii. Breki ya mbele au ya nyuma?"

Akachukua kebo, akaikata ncha, akaanza kuifumua. Kebo ya breki ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Ukiifumua taratibu unapata nyuzi kadhaa, na kila moja inajikunja kwa tabia yake. Mzee anazichagua. Anauvuta uzi mmoja kati ya vidole viwili, anausikiliza, anautupa. Anavuta mwingine. "Usichukue kwenye kebo iliyotumika," akaniambia, "hiyo imeshachoka kusimamisha watu." Aliporidhika akaufunga mwisho wake kwenye nati ndogo, iwe kizuizi pale kwenye daraja la gitaa. Nikauvalisha, nikaukaza. Mlio wake ni mkali na unadai. Lakini haushuki hata ukipigwa jua kutwa, na sishangai, maana ulizaliwa kumzuia mtu mwenye mifuko miwili ya saruji asiingie mtaroni.

Nikasema asante mzee, wacha nikimbie. "Unakimbilia wapi? Si upo tu? Nishikie hili gurudumu."

Nikashika. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikuliomba. Mzee anazungusha ringi, kisha anazipitia spoku moja moja kwa ukucha: ting, ting, ting, tong. "Hiyo imelegea," anasema, anaikaza nusu duara, anaigusa tena: ting. Haangalii hata. Anaongea na mpita njia kuhusu bei ya mukene, wale dagaa wa ziwani, kutoka Majanji huku sikio lake likisaka spoku iliyoshuka sauti. Nimeimba miaka kwenye kwaya ambamo sauti ya tatu haijawahi kukutana na sauti ya pili, hata kwa bahati mbaya, na huyu mzee ambaye hajawahi kushika ala anapanga gurudumu zima kwa masikio. Nikatoa simu, ile programu ya kupangia gitaa, nimpime. Kwa muda wote niliosimama pale, spoku zake zilikuwa zinaelewana kuliko waya zangu.

"Mzee, ungekuwa mwanamuziki mkubwa sana."

"Nina watoto tisa," akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikanunua sukari, kwa kuwa ujumbe wa sukari ulishafika kwenye simu. Nikapita dukani kumpa shemeji wino wa mashine, kwa kuwa naye alikuwa ameshasikia kwamba leo nipo tu. Saa nane mchana ndipo nikaingia studioni.

Studio yangu ni chumba cha kulala. Godoro linasimama dirishani, blanketi mbili ukutani, simu imewekwa ndani ya kiatu ili isisikie upepo. Ukijifungia humo mwezi wa Februari unaimba ubeti mmoja na kutoka jasho la beti nne. Lakini kelele za gari ndogo hazipenyi. Zinazopenya ni mbili: kibanda cha sinema na matrela.

Kibanda kiko nyuma ya choo chetu. Wenye kuijua Uganda wanajua kwamba kwetu sinema haiachwi iseme yenyewe. Yupo vijee, anaitafsiri kwa Kiganda juu kwa juu, anawakemea wahusika, anawatabiria, anamcheka adui kabla hajapigwa. Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa safi mpaka kwenye kiitikio, pale ninapopunguza sauti kwa majonzi, na nyuma yangu, wazi kabisa, kuna mtu anapiga kelele kwamba jamaa amekwisha, leo hatoki. Nimeisikiliza tena. Kusema ukweli, inaupa wimbo uhai. Lakini si wimbo wangu tena.

Matrela nayo yana honi. Nimezichunguza honi hizi kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye familia. Nyingi zinaangukia katikati ya noti, pale ambapo gitaa halina makao. Nimejaribu kupandisha wimbo upatane nazo, nikaweka kapo, kile kibano cha shingo ya gitaa, tundu la kwanza, nikaimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Lilipokuja trela jingine, honi yake ilikuwa ya chini zaidi. Wimbo wenyewe unahusu matrela, mtu angedhani wangenipa ushirikiano.

Katikati ya rekodi mama mkwe akapiga simu. Mila hainiruhusu kukaa naye chumba kimoja, lakini waliotunga mila hawakuiwazia simu. Anataka nikamtazamie redio yake, imeanza kukoroma. Nikamweleza kwa heshima zote kwamba niko kazini, narekodi. Kimya. Nikajitetea: "Mama, muziki unataka subira. Tazama bendi ya Afrigo, wameanza 1975 na mpaka leo wanapiga."

"Mwanangu," akasema, "Matovu wa Afrigo ana saksafoni na bendi nzima. Wewe nasikia umekwenda kununua breki."

Sijui nani alimwambia. Busia habari haipangi foleni.

Basi jioni nikapata kipande kimoja cha dakika mbili na nusu ambacho hakina honi, hakina vijee, kina jogoo mmoja tu, naye kaingia kwenye mapigo. Kilichobaki ni kukiweka mtandaoni. Hapo nako kuna karo. Mwaka 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku ili tuone mitandao ya kijamii. 2021 ikaondolewa, ikaja asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Na Facebook, ambako ndiko waliko wajomba zangu wote na wapenzi wote wa rumba, imefungwa Uganda tangu Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Mwenye VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi, anaingia, ila VPN na wimbo kwa pamoja vinalila bando mpaka sahani. Dawa ya watu wa mpakani ni laini ya Kenya. Nikatembea mpaka karibu na geti, nikasimama pale penye mtandao wa ng'ambo, mkono juu, wimbo unapanda asilimia moja moja. Askari akaniuliza nasafirisha nini. Nikamwambia wimbo. Akaniuliza kama una karatasi.

Nilipofika nyumbani nikamkuta chemani wa LC1, mwenyekiti wa mtaa wetu, amekaa kwenye kiti changu, chai mkononi, sukari ni ile niliyoinunua mimi. Majirani wamelalamika, akasema. Kelele. Nikamwuliza kelele za kibanda? Hapana, kibanda kina leseni. Za matrela? Yale ni uchumi wa taifa. Za gitaa. Kuna waya mmoja, watu wanasema, unaingia kwenye meno. Nikaahidi nitaupunguza. Akanywa chai, akakohoa, akabadilisha sauti.

"Sasa msanii. Jumamosi ijayo binti yangu ana kwanjula, anatutambulisha mchumba. Wakwe wanatoka mbali, watakuwa wengi. Nimewaambia tutakuwa na muziki."

"Sawa mzee. Kuna bajeti gani?"

"Wewe ni mtoto wa nyumbani. Njoo na hiyo gitaa, na kama una spika, njoo nayo. Na uje mapema, utusaidie kusimamisha hema."

Nikamwuliza kama angalau kutakuwa na nyama. Akasema hilo linategemea watu watakavyochanga, akatoa daftari mfukoni, akaniuliza aniandikie kiasi gani.