Mayonesi ya nyumbani: friji haiui kijidudu

Jumapili iliyopita shangazi alilisogeza pembeni bakuli la saladi ya viazi niliyoiandaa kwa mayonesi ya nyumbani. "Mayai mabichi haya, mwanangu. Mimi sili." Sikuumia, maana ana haki ya kuogopa. Kilichonikaa kichwani ni neno alilolifuatisha: "Irudishe kwanza kwenye friji ipate baridi, jioni labda nitaonja." Nimelisikia neno hilo kwa majirani, kwa mashemeji, hata kwa watu wanaopika kwa kuuza. Yai bichi ni hatari, ila likishapigwa na baridi tunalihesabu salama. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili ndiyo inayotupotosha.

Wanaoikataa mayonesi ya nyumbani hawajabuni hofu yao. Salmonella, bakteria inayoharisha na kutapisha, hukaa juu ya ganda, na aina moja yake huweza kumwingia kuku hadi kwenye mfuko wa mayai, ikawamo ndani ya yai kabla ganda halijafungwa. Kuosha yai hakuiondoi. Kuchagua yai la kienyeji nako hakusaidii, kwa sababu kuku wa uani anaweza kuwa nayo kama yule wa bandani. Mwaka 2013 mjini Canberra, Australia, zaidi ya watu 100 waliugua baada ya kula mgahawani saladi ya viazi yenye mayonesi ya mayai mabichi. Mayonesi ya chupa imelivuka tatizo hilo: viwandani hutumia mayai yaliyokwisha kupashwa moto wa kuua vijidudu, na uchachu hupimwa. Kwa usalama peke yake, chupa inashinda, na mwenye mtoto mchanga anayeanza kula, mjamzito au mzee ndani ya nyumba simlaumu akiishia hapo.

Lakini tuliangalie vizuri hilo bakuli. Mayonesi ni mafuta mengi yaliyotawanywa kuwa chembe ndogo mno ndani ya maji kidogo ya siki, na kiini cha yai ndicho kinachozizuia chembe zisirudiane. Anayepika kwa nazi analijua jambo hili kwa mkono wake: tui zito likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu. Mayonesi nayo hukatika, kwa sababu hiyo hiyo ya mafuta kuachana na maji. Sasa, bakteria haishi ndani ya mafuta. Inaishi kwenye yale maji kidogo, na yale maji ndiyo yenye siki. Kwa hiyo anayeamua kama bakteria itakufa au itaishi ni siki: ni kali kiasi gani, na imepewa muda gani wa kufanya kazi.

Hapo ndipo friji inapoingia, na naomba tusipapite haraka. Baridi haiui Salmonella. Inaizuia isizaliane, basi. Anayeiua ni uchachu, na uchachu nao hufanya kazi polepole kwenye baridi. Vipimo vya maabara vimerudia kuonyesha kwamba mayonesi yenye siki ya kutosha, pH yake (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda) ikiwa karibu na 4 au chini ya hapo, huua Salmonella upesi zaidi ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba kuliko ikiwa ndani ya friji. Ikiingizwa kwenye baridi mara tu baada ya kupigwa, bakteria hudumu siku nyingi zaidi. Yaani lile tendo tunaloliona la uangalifu kuliko yote, la kuikimbiza mayonesi mbichi kwenye friji, linaweza kumhifadhi adui tunayemkimbia. Simwambii mtu aiache mezani. Mayonesi yenye uchachu mdogo ikiachwa kwenye joto la Dar es Salaam inakuwa shamba la bakteria, na jikoni kwetu hakuna kipimo cha pH. Nasema tu kwamba baridi haigeuzi yai bichi kuwa yai salama, na shangazi angeila saladi ile jioni, angekula kitu kile kile alichokikataa mchana.

Na ndimu? Mapishi mengi ya kwetu yanataja ndimu, nami naipenda harufu yake. Ila hata pH ikiwa sawa, asidi ya siki huiua Salmonella vizuri kuliko asidi ya ndimu. Weka ndimu kwa ladha, lakini kazi ya ulinzi iachie siki, ile ambayo lebo yake inasema asilimia 5 ya asidi.

Uingereza inatusaidia kuona tatizo liko wapi. Desemba 1988 naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alitangaza kwamba sehemu kubwa ya mayai ya nchi ile ina Salmonella. Mauzo ya mayai yakaporomoka, naye akajiuzulu mwezi huo huo. Miaka kumi baadaye, 1998, ulianza mpango wa mayai yenye mhuri wa simba mwekundu, kuku wake wakichanjwa. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya huko ikatamka kwamba hata wajawazito, watoto na wazee wanaweza kula mayai ya mhuri huo yakiwa mabichi. Mayonesi haikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo. Aliyebadilika ni kuku. Trei ninayonunua mimi sokoni haina mhuri wowote, kwa hiyo siwezi kujifanya niko Uingereza.

Ninachoweza ni kukipasha kiini moto, na hapa ndipo naona mayonesi ya nyumbani imehukumiwa bila kusikilizwa. Watu wanazungumza kana kwamba njia ni mbili tu, yai bichi au chupa. Chukua viini viwili, vijiko vikubwa viwili vya siki na viwili vya maji, chumvi, haradali kidogo. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, koroga bila kuacha. Mwanzo ni maji ya njano tu, kisha povu, kisha unaona mwiko unaacha njia inayochelewa kufunga. Kipimajoto kikisoma nyuzi 71, ipua mara moja na uendelee kukoroga, kwa sababu dakika moja ya ziada inakupa mayai ya kukoroga. Kikishapoa ndipo kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti kinaanza kuingia, tone kwa tone mpaka kishike, halafu kwa uzi mwembamba. Ikikatika usimwage: kijiko cha maji ya uvuguvugu kwenye bakuli safi, uirudishe kidogo kidogo. Hii sasa iingie kwenye friji, kwa sababu vijidudu vimekwisha kuuawa na baridi imebaki na kazi yake halali. Iliwe ndani ya siku tatu au nne. Asiyetaka yai kabisa afanye kama Wareno wanavyofanya kwa maziwa: nusu kikombe cha maziwa na kikombe cha mafuta kwenye blenda ya mkono, siki mwishoni.

Unapata nini kwa jasho lote hilo? Unajua mafuta uliyotia. Marekani bidhaa haiitwi mayonesi isipofika asilimia 65 ya mafuta ya mimea kwa uzito. Chupa za bei ya chini nilizonazo karibu huorodhesha maji, wanga na sukari kabla ya yai, na ulimi unaisikia ile sukari kwenye kachumbari.

Kwa shughuli ya watu mia, chakula kikikaa mezani tangu saa sita hadi alasiri, bado ningenunua ya chupa. Kwa meza ya watu sita Jumapili, sitanunua tena. Wiki hii nimempelekea shangazi kopo dogo la ile ya kupashwa. Aliuliza kwanza kama imepikwa, kisha akaomba kijiko.