Familia Haimpi Mtu Notisi

Barua yangu ya kupunguzwa kazi ilichapwa siku mbili kabla sijaitwa. Niliiona tarehe nikiwa bado nimesimama mbele ya ofisa utumishi, kijana mwenye miezi minne tu pale kazini. Mimi nilikuwa na miaka 19 ya utumishi. Niliporudi mezani kwangu, kompyuta ilishaikataa nywila yangu.

Kupunguzwa kazi si jambo la ajabu. Hata Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unakubali kwamba mahitaji ya uendeshaji yanaweza kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, ilimradi apewe notisi na stahili zake. Vyote nilipewa. Kinachonikera ni lile neno "familia". Kila mwisho wa mwaka tuliambiwa sisi ni familia, na kwa neno hilo nimefanya kazi Jumapili ngapi bila malipo ya ziada? Mara mbili niliitwa kwingine kwa mshahara mnono zaidi, nikakataa. Hilo nilijitakia mwenyewe, nakiri.

Lakini ule uaminifu hatukuuota. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilijivunia kwa miongo mingi kutopunguza watu, mpaka hasara za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaivunja desturi hiyo. Huko Japani, makampuni makubwa yalizoea kumchukua kijana akitoka masomoni na kukaa naye hadi astaafu, mshahara ukipanda kadiri miaka inavyosonga. Yalikuwa makubaliano: nipe miaka yako, nami nitakutunza. Waajiri wakajitoa kimyakimya, ila mahubiri ya uaminifu hawakuyaacha.

Ndiyo maana siwasemi tena vijana wanaohama kila baada ya miaka miwili. Tulikuwa tunawaita wasio na subira. Kumbe wao walisoma mkataba, sisi tukasikiliza hotuba.

Mlinzi ndiye aliyenisindikiza getini. Zamani naye alikuwa mwajiriwa wa pale pale. Siku hizi analipwa na wakala, sare tofauti, mshahara pungufu. Alinibebea boksi. Juu kabisa kulikuwa na cheti changu cha utumishi wa miaka 15, kioo chake kimepasuka kona.

"Hiki nacho unaondoka nacho, mzee?"

Nikamwambia akiache tu pale kwenye kibanda chake.